Ukuta wa Ghorofa ya Sita

Palma, Cabo Delgado
16 Februari 2025

Mpendwa Mjomba Abdulswamad,

Asalamu alaykum. Unasoma mwandiko wa fundi aliye juu kuliko mafundi wote toka Ruvuma mpaka Pemba ya huku Msumbiji. Ndege wakitaka kupita huniomba ruhusa kwanza. Hujambo lakini? Goti limeacha kukusumbua? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo, ila sauti ya kunigombeza iko palepale.

Mjomba, ulisema ghorofa la mbao ni banda la kuku lenye majivuno. Basi banda lako limefika ghorofa ya sita! Mbao zinapangwa tabaka kwa tabaka, hii imelala, hii imeikatiza, zinabanwa kwa gundi mpaka ziwe ukuta mnene kama godoro. Zinakuja na meli zimeshakatwa, madirisha tayari. Sisi tunapandisha kwa winchi na kukaza skrubu ndefu kuliko mkono wako.

Wiki iliyopita nusura turudi makwetu wote. Ukuta wa mwisho ulinyeshewa ukiwa uani kwa stoo, ukavimba, ukagoma kuingia. Kuagiza mwingine ni miezi minne, na wenye nyumba hawasubiri. Zito, rafiki yangu wa kijiji cha Pundanhar aliyekuwa akilinda stoo, alifukuzwa papo hapo kwa kutoufunika.

Nikatoa randa yako kuukuu, ile uliyonipa. Mestre Carimo, mkubwa wetu wa kazi, akacheka: "Rapaz, kijana, unataka kunyoa ghorofa kwa wembe wa babu yako?"

"Wa mjomba, mestre. Na ndevu zako unaziweza."

Siku mbili nzima nikapiga randa. Ya tatu winchi ikaushusha, ukaingia taratibu, ukatulia. Watu thelathini wakapiga kelele! Mestre akanikumbatia. Alhamdulillahi, kazi ipo.

Nisalimie mkeo, Mama Samiha, na mwanao Husseni mwambie kufikia kimo changu asahau. Mungu akupe umri uje kupanda ngazi zetu kwa goti zima.

Dua yako naihitaji kesho, Mjomba. Ile nailoni ya kufunika ukuta niliivua mimi, nikaezekea jiko la Mama lililokuwa likivuja. Zito hakujua. Alipoulizwa nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, nikatazama viatu vyangu. Kesho asubuhi naenda kumwambia mestre. Akinifukuza, randa yako itarudi Mtwara, na mimi nyuma yake.

Mpwa wako akupendaye hata ukimkasirikia,
Yusufu