Sauti ya Signe Ilikuwemo

214 Mtaa wa Larch,
Missoula, Montana.
9 Septemba 2023.

Mpendwa Kaka Leif,

Habari za Anchorage? Goti lako limepoa, au bado unapanda ngazi kwa kulilaani? Sisi ni wazima wa mwili. Moyoni nina hasira, na tafadhali usiniambie nitulie kama ulivyoniambia kwenye simu.

Signe wa dada Inga ametoka hospitali. Mikono yote miwili bado imefungwa bendeji. Inga anamlisha supu kwa kijiko, naye anacheka ili mama yake asilie.

Unajua kikosi chao cha wazima moto kilizingirwa na moto kule Kettle Fork. Usilolijua ni kwamba ripoti ya kwanza ilimlaumu Signe, kwamba alichelewa kuita kwenye redio. Kaka, redio ile ni kazi ya kampuni yetu.

Nikueleze. Antena ya mlimani hunasa masafa mengi kwa mpigo mmoja, yakageuzwa namba. Sisi tunazizidisha namba hizo na wimbi tulilolitengeneza kwa hesabu, ili masafa ya njia tunayoitaka yashuke hadi sifuri, sauti ikibaki. Kisha chujio linawaondoa majirani, yaani redio za masafa ya kando, ndipo tunapunguza wingi wa namba. Ukizipunguza kabla hujachuja sawasawa, jirani mwenye nguvu hujikunja na kulala juu ya sauti unayoitafuta. Hapo humtoi tena.

Mwaka jana bosi wangu, Doyle Prentiss, aliniambia, "Marit, chujio lako linakula nafasi yote ya chipu. Likate nusu."

"Nikilikata, redio za malori ya magogo zitaingia kwa wazima moto."

"Kule juu kuna malori mangapi? Usituchoshe."

Nilikataa. Akampa mwingine, akalikata. Nami nikanyamaza, kaka. Kwa hilo najikasirikia kuliko ninavyomkasirikia yeye.

Jumanne iliyopita kamati ya uchunguzi ilikaa, na Signe akaitwa, nasi wa kampuni pia. Doyle akasema mbele yake, "Vijana wakishtuka hudhani wameita, kumbe wamewaza tu."

Mtambo wa mlimani huhifadhi zile namba za mwanzo, kabla hazijaguswa, na nilikuwa nimezichukua. Kwanza nikawachezea kwa chujio la Doyle: mngurumo, na dereva mmoja akimtania mwenzake kuhusu breki. Kisha nikazipitisha namba zilezile kwenye chujio langu.

Sauti ya Signe ikatoka, safi kabisa: "Moto umevuka kijito. Tunaomba njia ya kutokea. Mnatusikia?"

Signe akaniangalia, akasema taratibu, "Mama mdogo, hiyo ni ya pili. Rudisha nyuma."

Nikarudisha nyuma dakika kumi na moja. Ya kwanza ilikuwemo. Dakika kumi na moja, Leif, wakisubiri jibu mahali ambapo wangeweza kuondoka kwa miguu yao bila kukimbia.

Lawama imefutwa kwenye ripoti. Doyle amehamishiwa ofisi ya ghorofa ya juu. Jana wakubwa wa kampuni wakaniletea karatasi inayosema kasoro ile haikujulikana na mtu yeyote, nitie sahihi. Niliandika juu yake, "Niliijua mimi, na Doyle niliyemwambia," nikairudisha. Huenda nikafukuzwa wiki ijayo. Chujio zima nimekwisha kulirudisha kwenye minara yote. Kwa hilo sikuomba ruhusa.

Signe anasema mikono ikipona atarudi mlimani. Inga hataki hata kulisikia. Nilimwuliza Signe kama bado ataiamini redio yetu. Akajibu, "Redio siiamini. Nakuamini wewe, lakini safari nyingine usinyamaze."

Nisalimie shemeji Ruthanne na mapacha. Inga na Signe wanakusalimu. Mungu awaepushe na moto na baridi.

Dada yako akupendaye, hata akiwa amekunja uso,
Marit