Nilichosema Kuhusu Moyo wa Huwaida

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Siku ya tisa ya arubaini. Nimefungiwa ndani na Shuaib wangu mchanga. Mume wangu Gharib amepiga simu kutoka hospitali kule India. Binti yetu Huwaida bado yuko kwenye pampu ya moyo. Miaka tisa tu! Mirija imetokezea tumboni, mashine nje ndiyo inayomsukumia damu. Daktari anasema ile homa ya Juni iliudhoofisha moyo, sasa unapumzishwa. Huenda ukapata nguvu. Huenda usipate.

Jumamosi, 9 Agosti
Wiki ya sita ya pampu. Hakuna mabadiliko. Gharib alinionyesha kwa video. Midomo imepasuka, macho hayanitambui. Nikamwambia Gharib: waizime. Mwanangu amechoka, wamwache aende zake.
Nilisema mimi! Na huku nanyonyesha.
Gharib akasema, "Pumzika, Mwanamkisi." Akakata.
Nani hasa alikuwa amechoka?

Alhamisi, 21 Agosti
Moyo umeamka! Walipunguza kasi ya pampu kidogo kidogo, wakitazama, na moyo wenyewe ukashika kazi. Daktari anasema kwa watoto hutokea, ingawa si kwa wote. Alhamdulillahi. Nilisujudu, nikalia.
Kisha nikakumbuka.

Ijumaa, 29 Agosti
Pampu ilitolewa jana. Salama. Leo nyumba imejaa wanawake, nusu ya mtaa wetu wa Mkomani. Bi Esha, jirani, kaleta halua na kuwaambia wageni, "Mtizameni huyu! Kazaa, mwana yuko Hindi taabani, na hakukata tamaa hata siku moya."
Nikainama. Wakadhani naona haya kusifiwa. Ningeweza kusema ukweli pale pale. Nikawakatia wageni halua.

Jumanne, 2 Septemba
Huwaida amepiga mwenyewe! Sauti ile ile ya kuamrisha watu. Ametembea mpaka dirishani, nesi kamshika bega tu. Anataka samaki wa kupaka, wa hospitali hana chumvi.
Halafu akasema baba yake amemhadithia yote. Eti kila mtu kule alikuwa ameshakata tamaa, ila mama, kutoka huku nyumbani Amu, akasema: msizime, subirini.
Gharib! Si bora ungenyamaza?
"Ulijuaje, Mama, kwamba moyo wangu utaamka?"
Nikamwambia ngoja, mdogo wako analia.
Shuaib amelala fofofo. Simu nimeilaza kitandani kifudifudi, sijaikata. Naandika haya, na bado namsikia.
"Mama? Upo? Mama—"