Jicho la Kushoto la Mama Neema

Jumatatu, 6 Oktoba

Watu kumi na tisa leo. Wa kwanza alikuwa mlangoni kabla sijawasha taa. Kaa hapa. Kidevu juu kidogo. Usitabasamu. Maneno hayo hayo kutwa nzima, kwa Kiingereza na kwa Kipunjabi cha kuokoteza.

Bwana Surinder, mwenye duka hili la simu, anaiita kona yangu ya picha za pasipoti studio. Ni nafasi iliyobaki kati ya kabati la vifuniko vya simu na mlango wa stoo. Stuli moja, kitambaa cheupe ukutani, taa mbili.

Sura bora ya leo: muuza samaki wa duka la tatu kutoka letu. Kila asubuhi nampita ameinama juu ya barafu. Leo alikaa kwenye stuli akainua uso, nikaona ana macho ya rangi ya chai ya maziwa. Miezi minane nampita. Sikuwahi kuyaona.

Napenda kazi hii. Sijamwambia mtu. Tanga nilipiga picha za harusi miaka sita, watu wote wamepakwa poda, wote wanacheka, na sikumbuki sura hata moja. Hapa ughaibuni mtu akikatazwa kutabasamu anabaki na uso wake tu. Karibu kila uso ni mzuri. Sikulitegemea hilo.

Jumatano, 8 Oktoba

Saa tano asubuhi aliingia mama mmoja na binti yake. Alinisikia nikiongea Kiswahili na simu, akasimama kungoja nimalize. Mkongomani, mzaliwa wa Uvira. Anasafisha maofisi katikati ya jiji, zamu inaanza saa kumi alfajiri, kwa hiyo alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Anaitwa Mama Neema. Neema mwenyewe ana miaka kumi na sita. Mama anasema kwa Kiswahili, binti anajibu kwa Kiingereza, na wanaelewana vizuri kabisa.

Anataka picha ya pasipoti, yake ya kwanza ya nchi hii. Mama yake mzazi yuko Bujumbura, anaumwa. Hawajaonana miaka kumi na minne.

Mashine ya picha ya kituo cha treni imemkatalia mara mbili. Nilipomtazama nikaelewa. Kope la jicho la kushoto limelala. Aliugua miaka miwili iliyopita, akapona, kope halikuinuka.

Alikaa kwenye stuli kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Nikapiga. Neema akaituma papo hapo kwenye fomu ya pasipoti ya mtandaoni kwa simu yake. Jibu likaja kabla hawajatoka mlangoni: macho yamefumba.

Wanaweza kuandika maelezo na kuambatanisha barua ya daktari. Miadi ya daktari ni wiki sita mbele.

Niliwaambia warudi Jumamosi, nitabadilisha taa. Nilisema kwa kujiamini sana. Sikuwa na uhakika wowote.

Jumamosi, 11 Oktoba

Walikuja saa nane mchana. Taa nilizisogeza chini, nikaziinua, nikazima moja. Picha thelathini na mbili. Nilimwambia afungue macho kwa nguvu. Akajitahidi hadi paji la uso likajaa mikunjo, jicho la kulia likatoka kama la mtu aliyeona moto. La kushoto likabaki vile vile.

Zote zimekataliwa.

Mwishoni alisema, taratibu, bila kunitazama: "Nilikuwa na sura, dada. Sasa niko na hii."

Nilijishughulisha na waya.

Neema alibaki nyuma kidogo kulipa. Akaniambia kwamba kwa miaka miwili mama yake hayumo katika picha yoyote ya nyumbani. Ubatizo wa mdogo wake, Krismasi, siku ya shule. Kila mara yeye ndiye anayeshika simu.

Nimeudhika. Kwa nani, sijui.

Jumanne, 14 Oktoba

Bwana Surinder ameagiza mashine. Ile ya kukaa ndani na kuvuta pazia. Inakuja Jumatatu ya tarehe ishirini na saba na itawekwa kwenye kona yangu. Alinieleza huku anapanga chaja ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Yeye alizaliwa Kisumu, ana miaka sabini na mitatu, na akiwa na jambo gumu huacha Kiingereza akaja kwenye Kiswahili. Kwa hiyo nilijua kabla hajalimaliza.

Anasema hanifukuzi. Nitasimama kaunta.

Sitaki kaunta.

Alasiri, mwanamke mzee mwenye kitambaa cha bluu kichwani. Pua ndefu, iliyonyooka, na kipini kidogo. Nilichelewa kubonyeza kwa sababu nilikuwa namtazama tu. Bwana Surinder akaita kutoka kaunta: "Zuhura, huyu mama anataka pasipoti, si harusi."

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimefanya kitu cha kijinga.

Mama Neema alipiga simu asubuhi. Mama yake ameacha kula, anakunywa uji tu. Aliuliza kama ile picha inaweza kurekebishwa kidogo kwa kompyuta. Watu wamemwambia inawezekana.

Inawezekana. Nilichukua jicho la kulia, nikaligeuza, nikalibandika kushoto. Nikalainisha kingo. Kazi ya robo saa, na ilitoka safi. Mashine yoyote ingeipitisha.

Bwana Surinder alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake.

"Huyu ni nani?"

Nikamwambia ni Mama Neema.

"Hapana," alisema. "Huyu mimi simjui."

Akaenda zake. Hakusema kwamba ni kosa kisheria, ingawa ni kosa, na ambaye angezuiwa uwanja wa ndege ni yeye Mama Neema, si mimi. Niliitazama tena. Kweli, alikuwa mtu mwingine, mwanamke mwenye macho mawili sawasawa na asiye na habari yoyote usoni. Nikaifuta. Nikaifuta na kwenye pipa la kompyuta.

Nimeona aibu kweli. Mimi ninayejisifu humu kwamba napenda nyuso za watu.

Jumapili, 19 Oktoba

Mapumziko. Nilikaa chumbani na zile picha zake zote, za tarehe nane na za tarehe kumi na moja. Sikutafuta inayofaa. Nilizitazama tu, moja baada ya moja.

Ana mashavu yaliyopanda. Kovu dogo kwenye nyusi. Midomo ambayo pembe zake zinainuka zenyewe, hata akiwa na hasira na mimi. Uso mzuri sana huu. Siku zote hizi nilikuwa naona kope tu, kama ile mashine.

Halafu nikagundua jambo. Tarehe nane, saa tano asubuhi, kope limefunika nusu ya mboni. Tarehe kumi na moja, saa nane mchana, limefunika karibu yote. Na ile siku ya pili, picha ya kwanza ni bora kuliko ya thelathini na mbili.

Jicho halijafa. Limechoka. Mara zote amekuja baada ya zamu, ameamka saa nane usiku. Na mimi nikazidi kumchosha.

Nimempigia. Siku pekee anayolala hadi asubuhi ni Jumapili. Jumapili ijayo basi, saa tatu, kabla ya kanisa. Alisema atakuja, lakini sauti yake haikuwa na tumaini.

Jumatatu, 20 Oktoba

Diwali. Barabara nzima inang'aa, na tangu asubuhi foleni za maduka ya peremende zimefika kwenye lami. Hakuna anayetaka pasipoti. Nilitoka mlangoni na kamera. Mtu anakaanga jalebi, mkono wake unazunguka bila yeye kuutazama. Watoto wawili wamevaa dhahabu na koti la mvua juu yake. Mwanamke mwenye sari ya kijani ameketi kituo cha basi, anakula kwa faragha, amefumba macho kwa utamu. Huyo nilimwomba ruhusa. Alicheka, akakubali, akasema nisubiri afute mdomo. Nilimsihi asiufute.

Nilisahau mashine kwa saa nzima.

Ijumaa, 24 Oktoba

Neema amenitumia ujumbe. Bibi amepelekwa hospitali. Mama yake amebadilishana zamu na mwenzake ili Jumamosi arudi nyumbani mapema. Anauliza kama nina hakika.

Nilimjibu kwamba sina hakika, lakini waje.

Jumapili, 26 Oktoba

Alfajiri saa za nchi nzima zimerudishwa nyuma kwa saa moja, kama kila mwaka majira haya. Mwaka huu ndiyo mara ya kwanza nimeifurahia hiyo desturi ya huku, maana Mama Neema amepata saa moja zaidi ya kulala. Alilala saa tisa nzima. Aliniambia kwa mshangao, kana kwamba ni chakula asichowahi kukionja.

Alikuja na kitenge cha kanisani, njano na buluu. Mara tu alipoingia niliona kope limepanda kidogo. Niliogopa kulitaja.

Nilikuwa nimejiandaa. Stuli niliishusha kidogo ili atazame juu kidogo tu, uso ukiwa umenyooka, maana ukitazama juu kope linafuata. Taa moja tu, na mwanga wa mlangoni. Nikamwambia afumbe macho apumzike, asijitahidi. Nikamuuliza mama yake alikuwa akimpikia nini utotoni. Akasema ndagala, dagaa wa kwao, na ugali wa muhogo, na kwamba mama yake hakuwa mpishi mzuri hata kidogo, ila watoto walikuwa wanaogopa kumwambia. Akacheka akiwa amefumba. Nikasubiri kicheko kiishe.

"Sasa fungua."

Picha tatu. Nikaacha.

Kope lilikuwa bado chini kuliko la kulia. Lakini mboni yote ilionekana, nyeusi, na taswira ya mlango wetu ndani yake.

Neema alituma ya pili. Tulisimama wote watatu juu ya simu. Bwana Surinder akajifanya anafuta kioo cha kabati karibu yetu. Fomu ikazunguka, ikazunguka, ikapokea.

Mama Neema alikaa chini, kwenye sakafu, na kitenge chake safi.

Halafu nikamwomba ruhusa nimpige nyingine, isiyo ya pasipoti. Alikataa. Nikazima taa. Baada ya muda akasimama, akaenda mwenyewe hadi mlangoni, akaniuliza asimame wapi. Nilimwambia popote. Kwa nyuma basi jekundu, mbele bega lake la njano, uso umegeuka kidogo kumtazama binti yake. Niliprinti kubwa.

Aliishika kwa mikono miwili. Aliiangalia hadi nikaanza kujuta.

"Kumbe Neema hii sura ameichukua kwangu," alisema.

Neema akajibu kwa Kiingereza kwamba amekuwa akimwambia hivyo tangu zamani. Wakaenda kanisani, wamechelewa.

Nina furaha mno. Naandika vibaya.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mashine imefika. Ni kubwa, ya kijivu. Watu wanne waliibeba. Kitambaa changu cheupe kimekunjwa, kiko stoo.

Nilisimama kaunta nikauza vifuniko vya simu. Siku mbaya.

Alhamisi, 6 Novemba

Mashine imemkataa bwana mmoja mwenye nywele nyeupe kwa sababu ukuta wa nyuma ni mweupe, ikadhani hana kichwa. Bwana Surinder hakucheka, lakini alikwenda stoo mwenyewe akaleta stuli.

Makubaliano mapya: mashine ni ya kila mtu. Wanaokataliwa ni wangu. Na watoto wachanga, maana hawawezi kukaa ndani yake. Karibu na mlango, si kona ile. Ni watu wanne au watano kwa siku. Nilitaka zaidi. Lakini mwanga wa mlangoni ni bora kuliko taa zangu zote, na nina muda wa kutazama.

Jumanne, 18 Novemba

Mama Neema alikuja na pasipoti ndani ya bahasha yake. Aliifungua mwenyewe kwenye ukurasa wa picha, akaiweka kaunta, akamgeuzia na Bwana Surinder aone. Bwana Surinder akavaa miwani, akasema ndiyo, huyu anamjua.

Anasafiri Jumamosi. Bibi ametoka hospitali, bado dhaifu, anakula kidogo. Ile picha ya mlangoni alimtumia kwa simu ya jirani, kusudi asije akashtuka watakapoonana. Mama yake hakuuliza habari ya jicho. Aliuliza kwa nini amekonda.

Nilipomtazama akitoka, hakuinamisha kichwa. Labda hakuwahi kukiinamisha, mimi ndiye sikuwa nimetazama vizuri.

Alhamisi, 27 Novemba

Mvua kutwa. Watu wawili tu.

Wa pili ni mtoto wa wiki tano. Mama yake Mkenya, nesi, bado anatembea polepole. Tulitandika shuka nyeupe sakafuni karibu na mlango, tukamlaza. Nilivua viatu nikasimama juu yake, mguu huku na mguu kule, kamera shingoni. Amelala fofofo. Ngumi mbili karibu na masikio.

Kwa wachanga ofisi ya pasipoti haidai macho wazi. Picha ya kwanza ilitosha, nikamwambia mama yake. Akasema sawa. Lakini hakumwinua, na mimi sikutoka pale nilipokuwa. Bwana Surinder alizima redio.

Tulingoja tuyaone macho yake, dakika kumi na moja hivi. Mtoto akakunja uso, akanyoosha mguu mmoja, akafungua macho.