Bi Somoe na Viti vya Melini

Jumatatu, 7 Oktoba 1968

Meli nyeupe imeingia asubuhi. Haikuwa kwenye orodha. Tulikuwa tunangoja meli ya korosho, ikaja hii ya watalii — injini imewaharibikia wakielekea Bukini, kisiwa cha Madagaska. Vipuri vinaagizwa kwa ndege. Wiki nzima hapa gatini, wanasema.

Bwana Gaudensi, mkuu wa ofisi yetu, aliniita kabla sijafunua mashine ya chapa. Boila ya meli nayo imekufa, kwa hiyo dobi wao hana maji ya moto. Ofisi yetu ndiyo wakala wao hapa, basi imetafuta wanawake kumi wa kufua nyuma ya ghala. Mimi nitakuwa mkalimani. Mimi! Kiingereza changu ni cha masista wa Mahenge na cha barua za "tumepokea yenu ya tarehe". Kusema na Mzungu ana kwa ana ni kitu kingine.

Kiongozi wa wafuaji ni mama wa Mikindani, Bi Somoe. Mjane, umri kama hamsini, mwembamba, anatembea kama mtu anayesubiriwa mahali. Nilimwamkia. Akaniuliza kwetu wapi, nimefikaje Mtwara, nakaa na nani, nakula nini. Kufika saa nne alikuwa ameshajua maisha yangu yote. Mimi lake hata moja.

Tulipanda sisi wawili kuchukua mataulo machafu. Juu kabisa kuna bwawa la kuogelea. Meli iko majini, na maji mengine wameyapandisha juu yake! Kandokando viti vya turubai, vile vya kunyoosha miguu. Na jinsi wanavyoheshimiana: kila mmoja anajimwagia maji kwanza kabla ya kuingia bwawani, kwenye ngazi wanapishana, hakuna anayemrukia mwenzake. Nilipendezwa sana.

Jumanne, 8 Oktoba

Leo tulipanda saa kumi na mbili na nusu. Tukaona jambo.

Abiria wanakuja mmoja mmoja, nguo za kulalia, macho nusu. Huyu anatandika taulo kitini, yule anaweka kitabu, mwingine ndara moja. Kisha wanarudi kulala. Saa moja ilipofika viti vyote vilikuwa na wenyewe, na watu waliokaa walikuwa watatu.

Bi Somoe alisimama akitazama. Akaniuliza polepole, wenyewe wamekwenda wapi? Nikamwambia wamekwenda kulala. Akauliza tena, kama vile nimekosea kujibu.

Tukishuka akanieleza. Kumbe yeye ndiye anayeitwa kupanga wanawake kwenye harusi na maulidi, kuanzia Mikindani hadi Msimbati. Kwao pia mtu hutanguliza kanga yake kumshikia mwenziwe mahali, si kosa. Lakini aliyeitandika lazima akae papo hapo ailinde. Sahani za kwanza zikishaliwa mwenyewe hajatokea, kanga inakunjwa. Na wazee na wajawazito wanawekwa upande wa ukutani wapate kuegemea, hata wakichelewa.

Nilimsikiliza kama niko darasani. Miaka miwili Mtwara na sijui kitu.

Kule juu bwawani, chini ya turubai la kivuli, mna viti kumi tu. Sita vinashikwa na mtu mmoja, bwana mkubwa wa mwili, Bwana Hadson, kwa ajili yake na rafiki zake wa karata. Na kuna bibi mzee mwenye fimbo, Bibi Ada, amesafiri peke yake. Hajapata kukaa kivulini.

Jumatano, 9 Oktoba

Siku mbaya. Na kosa ni langu.

Asubuhi Bi Somoe aliniambia nimwulize afisa wa abiria tukusanye mataulo yapi. Huyu afisa ni kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, lakini mwungwana. Akajibu kwa haraka: yoyote yaliyotumika, yoyote yaliyolala bila mtu. Nikatafsiri neno kwa neno. Bi Somoe akaniambia nirudie. Nikarudia.

Saa tatu akaanza. Kiti kwa kiti. Taulo lisilo na mtu likaingia kapuni. Vitabu, miwani na ndara alivipanga juu ya benchi la mlangoni, kila kitu na mwenziwe, hata ukurasa aliokuwa akisoma mtu aliuwekea alama kwa uzi. Viti ishirini na saba vikawa wazi. Bibi Ada akakaa kivulini. Akafumba macho na kutabasamu.

Saa nne Bwana Hadson akatokea na kelele. Nani amegusa vitu vyake, huyu mwanamke ana haki gani. Afisa akaja. Wote wakanitazama mimi. Bi Somoe akasema kwa utulivu kabisa: "Mwambie nimefanya nilivyoagizwa. Na mwambie kitambaa hakichoki, anayechoka ni mtu."

Nikaogopa. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mama huyu anaomba radhi sana, hakuelewa.

Bwana Hadson akapoa. Akampigapiga Bi Somoe begani kama mtoto. Bibi Ada akanyanyuka, akaondoka na fimbo yake.

Tulipofika chini Bi Somoe aliweka kapu. Akaniuliza nimemwambia nini yule bwana, maana maneno yake yeye hayampoozi mtu namna ile. Nikamwambia kweli. Hakunigombeza. Alisema tu: "Nimekukabidhi mdomo wangu, Magreth. Ukinitengenezea maneno, mimi pale sipo."

Afadhali angenizaba kibao.

Alhamisi, 10 Oktoba

Amri imetoka: wafuaji wasipande. Nimepanda peke yangu na vibarua wawili wa kubeba makapu.

Mataulo yamerudi vitini. Jua kali. Bibi Ada alisimama kando ya ukingo, ameshika fimbo kwa mikono miwili, mbele yake viti sita vya kivuli na mataulo sita. Mtu hayupo. Nilitaka kusema kitu. Nikainama kuokota kapu. Halafu akaenda chini taratibu, kama nguo inayodondoka kamba ya kuanikia. Nikakimbia kumshika kichwa. Daktari wao akaja, wakamchukua.

Nilimweleza Bi Somoe. Aliacha kufua. Aliuliza mambo mawili: amejigonga? Ana mtu wa kumkalia kitandani? Nilisema hakujigonga. Mtu hana.

Akamenya chungwa alilokuja nalo, akaanza kula.

Ijumaa, 11 Oktoba

Afisa wa abiria ameshuka mwenyewe hadi kwenye mapipa yetu! Viatu vyeupe kwenye matope ya sabuni. Daktari amepeleka habari ya Bibi Ada kwa kapteni, na kapteni amemuuliza afisa kwa nini kuna viti vingi na bibi anaanguka. Sasa afisa anataka kujua yule mama alikuwa anajaribu kufanya nini juzi.

Nilimweleza Bi Somoe. Akakausha mikono kwa pindo la kanga, akamkaribisha afisa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Akakaa! Kisha mama akasema, na mimi nikasema nyuma yake, sikuongeza wala kupunguza. Kwanza nilisahihisha langu. Nilimwambia afisa kwamba juzi mama huyu hakuomba radhi, mimi ndiye niliyesema hivyo. Afisa akaitikia kwa kichwa.

Taratibu za Bi Somoe ni hizi. Kitambaa kinashika kiti kwa muda wa mtu kula sahani ya pilau, basi. Mgonjwa, mzee na mjamzito wanachagua kabla ya wengine. Aliyepata kivuli asubuhi amwachie mwenzake alasiri. Na lazima awepo mtu mmoja anayejulikana na wote, ambaye neno lake ndilo la mwisho, la sivyo watagombana kutwa.

Afisa akauliza, pilau inaliwa dakika ngapi? Bi Somoe akasema inategemea mlaji, lakini kwa Wazungu anaona nusu saa inatosha. Afisa akacheka kwa mara ya kwanza tangu meli ifike.

Halafu akauliza mtu huyo mmoja atakuwa nani. Nilitafsiri swali. Bi Somoe alimtazama tu mpaka kijana wa watu akaelewa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sijawahi kuona kazi ikifanywa vizuri namna hii.

Amri imefutwa. Bi Somoe alipanda na kanga mpya, amejitanda, akakaa karibu na mlango. Tangazo lilikuwa limebandikwa, lakini tangazo ni karatasi. Yeye alimwamkia kila aliyeingia. Kufika saa nne alijua nani ni mke wa nani, nani mgongo unamuuma, akina nani hawasemeshani. Maneno yake ya Kiingereza ni manne: karibu, hapa, asante, na baadaye. Yanamtosha.

Nusu saa ikipita haendi kunyakua taulo. Analikunja vizuri, anasimama nalo mkononi mpaka mwenyewe arudi, kisha anampa kama anavyopewa mtu zawadi. Nani atamgombeza? Mama mmoja alimshukuru, halafu ndipo akakumbuka kwamba amepoteza kiti.

Bwana Hadson alijaribu. Aliweka vitu sita kama kawaida. Bi Somoe alimletea vyote sita kwenye sinia, ndara zimefutwa mchanga. Akamwonyesha kiti kimoja kizuri kivulini, kando ya Bibi Ada aliyekuwa ametoka kitandani. Yule bwana akachukua ndara zake. Akakaa. Saa sita nilimkuta anamfundisha yule bibi karata.

Nimempenda mama huyu. Naandika tu, maana sitathubutu kumwambia.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya misa Josephu, karani wa shehena, alinisimamisha mbele ya watu. Karibu miaka saba ya uhuru, alisema, na bado tunawafulia mataulo na kuwapangia viti. Nyie hamwoni haya? Nimerudi nyumbani nimenuna.

Jumatatu, 14 Oktoba

Vipuri vimefungwa. Injini imelia. Wanaondoka kesho jioni, na kabla ya hapo kapteni anafanya tafrija pale bwawani, kuwashukuru watu wa Mtwara. Amesisitiza na wafuaji waalikwe.

Nilimwambia Bi Somoe maneno ya Josephu. Nilidhani yatamuuma. Alisuuza taulo hadi mwisho, akalikamua. "Mwambie anionyeshe aliyekaa pale juu bila ruhusa yangu." Wanawake wote kumi wakacheka hadi wakashika mapipa.

Bwana Gaudensi amenipa kazi ya kadi. Majina kumi ya wakubwa, akianza mgeni rasmi kutoka mkoani. Nimezipiga chapa vizuri, mistari miwili chini ya kila jina.

Jumanne, 15 Oktoba

Naandika haya melini, kwenye daftari la ukalimani, nimekaa kwenye ngazi ya bwawa. Saa kumi na moja na dakika kumi. Lazima niandike sasa.

Tafrija ilipangwa saa kumi. Tulifika mapema, wafuaji wamevaa kama wanakwenda harusini. Mwaisha, mkubwa wao kwa umri, nyonga inamsumbua, alipanda ngazi kwa kushikwa. Kumbe viti vyote kumi vya kivuli vimewekwa kadi. Zile nilizopiga chapa mimi. Bwana Gaudensi amezibandika mwenyewe. Viti vingine viko juani, vimejaa.

Saa kumi na nusu wakubwa hawajafika. Saa kumi na moja hawajafika. Mwaisha ameegemea nguzo, uso umemsawijika. Bibi Ada alikuja, akasoma kadi ya kwanza, akageuka kwenda ukingoni na fimbo yake.

Bi Somoe akaniuliza kadi zimeandikwa nini. Nikamsomea majina. Akauliza, katika hao nani yumo melini? Nikasema hakuna.

Akaenda. Alibandua kadi moja moja bila kukunja hata pembe, akazipanga mezani penye maua. Alimkalisha Bibi Ada. Alimkalisha Mwaisha. Kadi ya tatu aliibandua Bwana Hadson mwenyewe, akampa Bi Somoe, akaenda kumletea Mwaisha mto wa kuegemea. Muziki ukasimama.

Bwana Gaudensi alimwahi afisa. Alisema kwa Kiingereza kwamba mama huyu hajui kusoma, amekosea, vumilieni. Afisa akanigeukia. Muulize kama amekosea, alisema. Na Bwana Gaudensi nyuma yake ananikodolea macho. Nilijua anachotaka. Neno moja tu, na kila mtu angepumua.

Nilimuuliza Bi Somoe. Alijibu: "Sikukosea. Wakija nitawapokea, na kila mmoja nitamtafutia pa kukaa."

Nikasema hivyo hivyo, kwa sauti, kila mtu akasikia. Bwana Gaudensi akaniambia kwa Kiswahili, bila kuinua sauti, kesho niwe ofisini kwake kabla ya kufungua.

Sasa honi zinalia chini gatini. Magari mawili. Bwana Gaudensi ameteremka mbio. Viti vinane vya kivuli bado vitupu. Bi Somoe amenionyesha kimojawapo kwa kidole, nikikalie. Nimebaki hapa kwenye ngazi. Yeye amejitanda vizuri, anakwenda kusimama kichwani mwa ngazi ya kutoka gatini.

Mgeni rasmi amefika juu. Anahema. Bwana Gaudensi yuko nyuma yake, anamnong'oneza, anaonyesha viti. Bi Somoe anamwamkia, anamweleza jambo, siwezi kusikia kutoka hapa. Mgeni rasmi anamtazama Mwaisha. Anamtazama Bibi Ada. Anazitazama kadi mezani. Anamwinulia Bwana Gaudensi mkono, kwamba anyamaze kwanza, na anavua kofia, anamwachia Bi Somoe amwonyeshe pa kukaa.