Hodi kwa Ashura

Ujiji, Jumapili

Kaka Gharib,

Shikamoo. Huku dagaa wamejaa, bati la jikoni tumebadilisha.

Ule mlango wa moyo wa mama uliobana, yaani valvu, sasa umenichanganya. Daktari mpya anasema wa pili nao ni mbovu, ila ulionekana mzima kwa sababu wa kwanza unapitisha damu kidogo. Wakipanua wa kwanza peke yake, wa pili utazidiwa. Sasa miaka yote hii tulikuwa tunatibu nini? Hata cha kuuliza sikijui.

Aliniuliza kama mama anafika sokoni bila kupumzika. Nikamwambia anafika, ila husimama kila nyumba kusalimia. Si unamjua mama yako. Daktari akaandika hilo kwenye faili.

Jana nikamfuata mama kwa nyuma. Alisimama kwa Ashura, kashika ukuta, anahema. “Hodi, mwanangu. Watoto wameamkaje?” Akakaa pale mpaka pumzi ikarudi, akaendelea.

Kaka, Ashura alihamia Mwandiga kabla ya Ramadhani, nyumba ni tupu. Mama mwenyewe ndiye aliyemsaidia kufunga mizigo.

Mdogo wako anayekungoja,
Safina