Baraka Niliyoifuta kwa Kitambaa

Jumapili, 3 Agosti 2025. Lodwar
Mama Lokiru ametugawia daftari leo baada ya ibada, akina mama wote wa kikundi. Yeye ndiye kiongozi wetu, akisema jambo limekwisha. Kila siku uandike kitu kidogo cha kumshukuru Mungu. Kidogo kabisa! Si uponyaji, si kazi — ni kile ambacho ungekipita tu. Na hakuna atakayesoma, amesema, ni wewe na Mungu wako.
Haya. Maji ya mfereji yametoka mpaka saa nne. Nimejaza mitungi yote na sufuria ya chai pia.

Jumatatu, 4 Agosti
Mbuzi wa jirani amepanda kwenye veranda ninaposhonea. Amekula karatasi ya vipimo, lakini kitambaa hakugusa. Asante Yesu! Nina yunifomu kumi na tisa za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa.
Tena: upepo umeanza jioni, si asubuhi. Leo sikushona vumbi.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeandika hivi: nashukuru kwa vidole vyangu, miaka hamsini na bado vinatunga uzi bila miwani. Nikajisikia vizuri. Halafu nikajiuliza — vilifundishwa na nani?
Ni Mama. Alinifundisha kusuka vikapu vya mkoma nikiwa sijaota meno ya mbele. Nikilegeza ukili ananigonga kidole. Kila ninachoshona mpaka leo kimetoka kwa hicho kidole kilichogongwa. Nimerudi nyuma kwenye daftari: nimeshukuru maji, mbuzi, upepo. Mama sikumtaja.
Basi niandike. Si hakuna anayesoma.
Ilikuwa 2005, Abei, mtoto wangu wa kwanza, anabatizwa. Mama alitoka Lopur, akapanda juu ya lori la mkaa kutoka Kakuma, shanga zake zote shingoni. Nje ya kanisa akaomba mtoto. Alikuwa anatafuna tumbaku kama siku zote. Akamtemea Abei mate kifuani na kwenye paji la uso. Kidogo tu. Ndiyo baraka ya mzazi kwetu Waturkana. Mimi mwenyewe nilitemewa hivyo, na ndugu zangu wote.
Lakini mimi nilikuwa nimeokoka miezi miwili. Na akina mama wa kanisa walikuwa wanatazama. Mama Lokiru akaninyooshea kitambaa chake cha mkono, cheupe, kimepigwa pasi. Nikakipokea. Nikamfuta mtoto kifua, nikamfuta paji, nikasugua mpaka akalia. Mtu akasema Amina! Wengine wakaitikia.
Mama alikitazama kile kitambaa. Mimi hakunitazama. Akaondoka siku hiyo hiyo, chakula hakugusa.
Tangu hapo hatujagombana hata mara moja. Nikienda ananipa mkono, anauliza habari za watoto. Lakini kutubariki, mimi au watoto wangu, hapana. Na mimi nilijiambia ndivyo nilivyotaka. Miaka ishirini nimejiambia hivyo!

Ijumaa, 8 Agosti
Nyadak amepiga simu. Huyu ni Mnuer wa Sudan Kusini, ana duka la nguo katika kambi ya wakimbizi Kakuma, yunifomu zangu nyingi huzichukua yeye. Kuni zake huletewa na dada yangu Akidor, anayekaa na Mama huko Lopur. Ndiyo njia yetu ya kupeana habari, maana kwa Mama netiwaki hakuna.
Mama anakohoa mwezi mzima. Maziwa anaacha nusu kikombe. Akidor anasema nije.
Nikamwambia Nyadak nina yunifomu za kumaliza.
"Yunifomu iko kufa?" akaniuliza.
Akakata.
Namshukuru Mungu kwamba alikata kabla sijaongeza uongo mwingine.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeomba. Nimeshona. Shukrani ya leo sijaiona.

Jumanne, 12 Agosti. Kakuma
Nimekuja! Baba Abei nimempigia kazini kwake Lokichar, akasema ulichelewa, nenda. Hakusema "umechelewa," alisema "ulichelewa." Nimelifikiria hilo neno njia nzima.
Yunifomu nimezimalizia usiku na alfajiri, nimemletea Nyadak zote. Akanipa soda na kiti. Nikakaa, nikakaa tena, mpaka akanishangaa. "Mama yako iko hai, na wewe iko hapa na soda?"
Ikabidi nimweleze habari ya kitambaa. Sijawahi kumwambia mtu. Unajua alifanya nini? Alicheka! Ati nyinyi pia mnatema? Kumbe na wao Wanuer wanabariki hivyo hivyo. Akaniambia siku aliyokimbia vita mama yake alimtemea kichwani, na yeye hakuosha kichwa mpaka alipovuka mpaka wa Kenya. "Chawa ilikuwa mingi," akasema, "lakini mimi nakataa kuosha." Mama yake alikufa huko nyuma. Habari ilimfikia baada ya miezi mitano.
Halafu hakucheka tena. Akaanza kukunja yunifomu.
Mwenzangu alibeba chawa kwa ajili ya kile ambacho mimi nilikisugua.

Jumatano, 13 Agosti. Lopur
Asubuhi nimenunua tumbaku sokoni Kakuma. Mimi! Mama huniomba etaba, tumbaku hiyo hiyo, kila nikija, na kila mara nimemletea sukari na mistari ya Biblia. Nimeichukua ile tumbaku mkononi, nikasikia nyuma yangu, "Bwana asifiwe, Mama Abei!" Mzee wa kanisa, tulikutana kwenye semina. Nikaitikia Amina na dhambi kiganjani. "Ni ya mama," nikasema. Akasema mpe salamu.
Bodaboda mpaka Lopur. Mama amepungua jamani. Shanga zimebaki zile zile, shingo ndiyo imeisha ndani yake. Lakini mdomo! Hata salamu yangu ya ejok hakungoja iishe.
"Fundi amekuja. Umekuja kunipima nguo ya kuzikwa?"
Nikampa tumbaku. Akainusa, akanitazama, akainusa tena. "Akidor, njoo uone, mlokole amenunua tumbaku!" Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamshika mgongo. Mifupa yake naihesabu kwa mkono.
Baadaye akaniona naandika. Nikamweleza daftari ni la shukrani. Akauliza, "Huyo Mungu wenu anasahau, mpaka mumwandikie?"
Nashukuru kwamba alikunywa maziwa kikombe kizima. Nilikaa pale nikitazama koo lake likipanda na kushuka, na neno langu halikutoka.

Alhamisi, 14 Agosti
Limetoka.
Nilikuwa namimina chai. Nikasema, Mama, siku ya ubatizo wa Abei nilikukosea. Nisamehe. Na kama bado unayo baraka, naiomba, kabla...
Mama akapokea kikombe. Akapuliza. Nilidhani hakusikia.
"Ulinifuta hapa?" akauliza.
Hapana, Mama.
"Ulinifuta mbele ya nani?"
Mbele ya akina mama wa kanisa.
"Basi mbona unaniambia mbele ya mbuzi?"
Akidor akaingilia, ati Mama, mtoto ametoka mbali, msamehe tu. Mama akamkatiza. Kusamehe alisamehe zamani, alisema. Siku ile ile, juu ya lori, hata Kakuma hawajafika. Mwenye hasira asingepokea mkono wangu miaka yote hii. "Lakini hii anayoomba ni baraka. Baraka haitolewi kwa kujificha kama kitu cha wizi. Wale waliosema Amina, wasikie."
Nikatoka nje. Nimekaa nyuma ya boma muda mrefu, jua limenipiga mpaka kichwa kikauma.
Msamaha ulikuwepo tangu 2005! Mimi ndiye sikuja kuuchukua. Nilikuwa nakuja na sukari.
Na sasa hili la pili. Wale ni wenzangu. Ndio walionizikia mtoto wangu wa tatu, ndio wanaoniombea, wateja wangu nusu ni wao. Na kitambaa kilikuwa cha Mama Lokiru. Nikisema langu nimesema na lake, na yeye alidhani ananisaidia. Labda alidhani anamsaidia Mungu. Mimi nilidhani vivyo hivyo.
Nimemwambia Mama nitawaambia nikirudi Lodwar. Akasema, "Nitasikiaje kutoka Lodwar?"
Sina shukrani ya kuandika leo. Au ninayo, ila inauma.

Ijumaa, 15 Agosti
Netiwaki iko kwenye kilima kilicho kaskazini mwa boma. Nilitaka kwenda peke yangu. Mama akachukua fimbo yake. Akidor akataka kumbeba, akamfukuza kama kuku. Tumepumzika mara tatu njiani. Kila tukipumzika anasema ni mimi niliyechoka.
Ijumaa kikundi hufunga pamoja, saa sita wako wote nyumbani kwa Mama Lokiru. Hilo nilijua. Ndiyo maana nimengoja saa sita.
Nimepiga. Akashika mara moja. "Bwana asifiwe Mama Abei! Sasa hivi tulikuwa tunakuombea. Ngoja nikuweke spika, kila mtu akusalimie." Nikasikia sauti zao zote, ejok, ejok, na kucheka. Nimewapenda sana dakika hiyo. Mama akasogeza sikio karibu na mkono wangu. Kwa hiyo nikasema kwa Kiturkana, ili asikie kila neno.
Mnakumbuka ubatizo wa Abei?
"Tunakumbuka!" Mmoja wao akasema, "Siku uliyoshinda mila!" Amina, Amina.
Sikushinda, nikasema. Nilikosea. Yule alikuwa mama yangu na ile ilikuwa baraka, nikaifuta mbele yenu. Yuko hapa nami anasikiliza. Na kitambaa nilichofutia —
Kelele zikakatika. Nilidhani ni netiwaki, lakini alama zake kwenye kioo zilikuwa tatu. Ilikuwa spika imezimwa. Mama Lokiru sasa yuko karibu na simu, sauti ya chini: "Mama Abei, dada yangu, hayo tutaongea ukirudi. Tuna wageni hapa." Kisha akakata.
Mama akauliza, "Wamesikia?"
Nusu, nikasema.
"Nusu ipi?"
Ya kwamba nilikosea.
"Na ile nyingine?"
Nimetoa daftari. Akidor ananiangalia kama nimepagawa, mtu anaandika juu ya mawe saa saba mchana! Mama amekaa kwenye ngozi aliyobebewa na Akidor. Hajakohoa tangu tupande. Anasema jua bado liko, yeye hana pa kwenda.
Simu inalia. Ni Mama Lokiru, jina lake liko hapa kwenye kioo. Labda yuko peke yake, ametoka nje. Labda amewaweka wote tena wasikilize. Sijui ataniambia nini. Sijui hata mimi nitamwambia nini, namwonea huruma na ninamwogopa.
Inalia bado. Naandika ili nisishike.
Mama, ambaye hajawahi kushika simu maishani mwake, amenyoosha mkono. Anaitaka yeye.