Kuni za Muthama, Gesi ya Kalekye

Jumapili, 9 Machi 2025

Mahubiri ya leo: wanawali wapumbavu walioishiwa mafuta. Mchungaji akawa ananiangalia mimi. Mimi muuza kuni, mafuta yananihusu nini? Tukatoka nje — rasharasha! Nikakumbuka kuni zangu zimelala bila paa.

Mpango mkubwa basi (usijicheke, Muthama): mabati, na lori zima la kuni kavu kutoka kwa Nzau wa Machakos. Masika ikishika, kila muuza kuni mtaani Shauri Moyo atakuwa anauza maji yenye magome. Mimi peke yangu nitakuwa na moto. Wapika githeri ya mahindi na maharagwe watanipigia magoti. Kimebaki kitu kidogo tu. Pesa.

Jumanne, 11 Machi

Chama chetu cha akiba na mikopo. Mimi ndiye mwanamume wa pekee humo, kwa hiyo naitwa "mzee wetu" na kutumwa viti. Leo nimehutubu kuomba mkopo! Gesi imepanda, watu wanarudi kwa kuni, na tena chakula cha gesi hakina ladha, mtu anakula kama amelazwa wodini. Makofi.

Mwenyekiti, Nangila, akangoja makofi yaishe. Na dhamana je, mzee wetu? Sheria ni kitu cha nyumbani, kinachoonekana kwa macho. TV yangu huonyesha nusu ya uso wa mtangazaji. Sofa imekaliwa na ukoo wote wa Kitui. Mdomo ukajisemea wenyewe: "Jiko la gesi. Lenye oveni."

Aoko, mkaanga samaki, mteja wangu mkubwa, karibu aanguke na kiti. "Kumbe wewe ndiwe uko wodini!"

Watakuja Jumamosi kuliona. Na mke lazima akubali kwa mdomo wake.

Tatizo dogo: jiko ni la mke wangu, Kalekye. Alilinunua kwa pesa ya keki zake. Mchango wangu ulikuwa kulibeba kutoka barabarani, na nililigonga mlangoni.

Alhamisi, 13 Machi

Sijamwambia. Jana alikuwa amechoka. Leo alikuwa na furaha — kwa nini nimharibie? Mimi ni mume mwenye huruma.

Nzau amepiga simu. Mwisho Jumatatu, kuna mtu wa Muthurwa analitaka hilo lori. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Aoko amenirudishia mzigo wa kuni: eti samaki wake siku hizi wanachemka badala ya kukaangika. Wiki ijayo nisipokuwa na kuni kavu, anahamia makaa. Aoko akihama, sina biashara. Nina rundo la miti tu.

Ijumaa, 14 Machi

Kalekye anajua. Aoko amekutana naye sokoni akampongeza kwa moyo wake mkubwa!

Hakupiga kelele. Ningependa apige kelele. Aliniuliza kwa upole, "Baba Mbaluka, chakula cha gesi hakina ladha?"

Nikasema ile ilikuwa hotuba tu.

"La, ulisema kweli." Akachomoa mtungi wa gesi, akaita mkokoteni, ukapelekwa kwa dada yake Buruburu. Jiko limebaki, zuri, halina pumzi. Kisha akapanga mafiga matatu nje ya mlango. "Kesho wageni wako watakunywa chai. Utapika wewe. Kwa kuni zako."

Jumamosi, 15 Machi

Nimepuliza. Nimepuliza mpaka nikaona nyota mchana. Kuni zinatoa povu na kulia kama zinaonewa. Nimechoma gazeti, katoni, mwisho ratiba ya kwaya (Mungu anisamehe, sauti ya pili watajua watakavyoimba). Majirani wamefunga madirisha.

Chama kimenikuta nimepiga magoti, machozi tiriri.

"Usilie, mzee wetu," Nangila akasema. "Bado hatujakunyima."

Nikainua gogo, linavuja. "Mnaona? Hii ndiyo sababu ya mabati!" Hotuba yangu bora maishani, na sikuipanga. Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wanakohoa.

Wakaingia ndani. Nangila akafungua oveni, akanusa, akafunga taratibu kama mlango wa kanisa. "Hili ni la nani?"

Nikajibu: "La Kalekye." Neno langu la kwanza la kweli wiki hii.

Nikatumwa chumbani kama mtoto. Ndimo ninamoandika, macho mekundu. Mlango wetu ni pazia, kwa hiyo nasikia yote. Vikombe vinagongana, vitupu — maji yangu hayajapata hata uvuguvugu. Aoko anacheka. Nangila anamnyamazisha.

"Kalekye, dada yetu, wewe ndiwe unamjua huyu. Jiko ni lako. Tumpe?"

Nimesogea hadi kwenye pazia, kalamu mkononi.

Kalekye anakohoa. Sijui ni moshi wangu, sijui anasafisha koo —